Mwanafunzi Wako wa Udereva ni Kiziwi? Fanya Hivi

Mwanafunzi kiziwi amekuja kujiandikisha kwenye shule yako ya udereva. Ada anayo, hamu anayo. Wewe unajiuliza: nitamwambiaje akate kulia huku gari linatembea? Jibu ni fupi. Hutamwambia gari likitembea. Utamwambia kabla halijaondoka. Ukilishika hilo, mengine yote yanafundishika.

Wala usidhani unafanya jaribio. Marekani walishabishana jambo hili miaka mia iliyopita. Katika miaka ya 1920 baadhi ya majimbo yaliwanyima viziwi leseni, kwa hoja kwamba asiyesikia honi ni hatari barabarani. Chama cha kitaifa cha viziwi cha huko, NAD, kilichoanzishwa mwaka 1880, hakikwenda kuomba huruma. Kilikwenda na rekodi za barabarani, na huku nyuma kikiwasihi viziwi wenzao waendeshe kwa uangalifu kuliko mtu yeyote, maana ajali ya mmoja ingehesabiwa ya wote. Milango ikafunguka. Miaka ya 1960 jaji mmoja wa Denver, Sherman Finesilver, akasimama hadharani kuwatetea madereva viziwi na kuhimiza wafundishwe udereva ipasavyo. Kwa hiyo mkurugenzi wako akishtuka, mwambie hatuanzi sisi.

Sasa tufanye kazi.

Anza na macho

Masikio usihangaike nayo. Mpeleke apimwe macho, na apimwe vizuri. Kusoma herufi ukutani hakutoshi. Daktari apime pia anaona pembeni kwa upana gani. Ipo hali ya kurithi iitwayo Usher: mtu huzaliwa na tatizo la kusikia, kisha miaka ikienda uwezo wa kuona pembeni unapungua, mara nyingi ukitanguliwa na shida ya kuona gizani. Si viziwi wengi walio nayo, ila muulize. Usiku unajikwaa? Unagonga watu waliosimama kando yako? Akijibu ndiyo, daktari wa macho kwanza, usukani baadaye.

Muulize pia mnawasiliana vipi. Wengine wanatumia lugha ya alama. Wengine wanasoma midomo. Wengine wana kifaa cha kusikia na wanasikia kiasi. Hao waambie mapema kwamba upepo wa dirishani hufanya kifaa kivume, wakizoee wakiwa njiani. Usikisie. Na usipige kelele, kwa sababu kelele inaharibu umbo la midomo na bado haisikiki.

Neno "bubu" liache nyumbani. Ni kiziwi, basi. Wenyewe wamejiita hivyo hata kwenye jina la chama chao, Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA).

Darasani

Tafuta mkalimani wa lugha ya alama kwa masomo ya nadharia. Asimame kando yako, si nyuma ya darasa, ili mwanafunzi awaone wote wawili kwa pamoja. Ongea ukimtazama mwanafunzi. Ukisema "mwambie kwamba..." umeshamgeuza mwanafunzi wako kuwa mtu wa tatu.

Hapa ndipo walimu wengi wanakosea bila kujua: unachora njia panda ubaoni huku ukieleza. Mwanafunzi anayesikia anatazama mchoro na kukusikiliza kwa wakati mmoja. Kiziwi hawezi. Macho yake yakiwa kwenye mchoro, mikono ya mkalimani inapita bure. Chora kwanza, ukiwa kimya. Mpe muda atazame. Geuka, eleza. Halafu onyesha tena pale ubaoni. Inaongeza dakika chache tu, na inakuokoa kurudia somo zima.

Usimpe kitabu cha sheria za barabarani ukadhani umemaliza. Kwa viziwi wengi lugha ya kwanza ni lugha ya alama, na Kiswahili cha maandishi wamejifunza shuleni kama lugha ya pili. Sentensi ndefu yenye "isipokuwa pale ambapo" na "endapo" inaweza kumpoteza hata mtu mwenye akili kali. Uingereza wamelitatua hili kwenye mtihani wenyewe: mtahiniwa anaweza kuomba maswali ya nadharia yatolewe kwa video ya lugha ya alama ya huko. Wewe huna mtambo huo, lakini una simu. Rekodi mkalimani akieleza alama moja moja za barabarani, video fupi fupi, mwanafunzi aende nazo nyumbani. Mwanafunzi kiziwi wa pili akija, somo limeshaandaliwa.

Nunua pia magari madogo ya kuchezea na kipande cha kadibodi. Chora kipilefti. Weka magari matatu, muulize nani anapita kwanza. Asogeze mwenyewe kwa mkono. Akikosea unaona palepale, huhitaji tafsiri ya mtu.

Ishara kumi, si zaidi

Kabla hamjawasha gari, kaeni mkubaliane ishara za njiani. Kushoto. Kulia. Nyoosha. Punguza. Ongeza. Badili gia. Tazama kioo. Simama pembeni. Simama sasa hivi. Vizuri. Zinatosha. Ukifika ishara ishirini mtaanza kuzichanganya, tena wewe ndiye utakayezichanganya kwanza.

Mwachie yeye achague nyingi kati ya hizo. Mikono ni lugha yake, wewe ndiye mgeni.

Sasa tazama unapokaa. Usukani wa magari yetu uko kulia, wewe mwalimu uko kushoto, kwa hiyo mkono wako ulio karibu naye ni wa kulia. Uweke mbele kidogo ya kijiti cha gia, usawa wa dashibodi, chini ya mstari wa kioo cha mbele. Pale anauona kwa pembe ya jicho bila kugeuza kichwa. Ukiuinua mpaka usoni kwake unamziba barabara. Ukiuweka mapajani mwako atalazimika kukutazama. Fanyeni mazoezi gari likiwa limezimwa: yeye atazame mbele, wewe toa ishara, yeye ataje kwa mkono umesema nini. Akikosa, sogeza mkono mpaka upate mahali pake.

Usiku ishara za mkono hazionekani, na ukiwasha taa ya ndani barabara nje inapotea. Tumieni mguso. Pigo moja jepesi kwenye mkono wake wa kushoto, punguza. Mawili, simama. Muulize kwanza kama yuko sawa na kuguswa, hasa akiwa mwanafunzi wa kike, na mkubaliane ni wapi hasa. Akikataa, masomo ya usiku yafanyike kwenye barabara yenye taa za kutosha.

Magurudumu yakizunguka, mazungumzo hakuna

Hii ndiyo sheria kuu, na uisimamie hata kama mkalimani ana haraka. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Akikutazama sekunde mbili tu kusoma maelezo yako, ameshapita mita 28 akiwa hatazami barabara. Ishara moja moja, sawa. Maelezo, simama.

Kwa hiyo somo lako libadilishe mpangilio: simama, eleza, endesha, simama. Panga njia fupi zenye mahali pa kuegesha. Anza uwanja wa mpira, halafu mitaa iliyotulia, halafu barabara kubwa. Kila mzunguko uwe na jambo moja tu. Leo kukata kushoto. Usichanganye na kurudi rivasi.

Kabla ya kila mzunguko mpya, mwonyeshe kwanza. Wewe endesha, yeye akae kiti chako cha abiria, atazame mikono na miguu yako. Anayesikia unaweza kumweleza kuhusu klachi kwa maneno mia. Huyu anahitaji kuona mguu unavyoinuka. Rekodi mguu wako kwa simu kama nafasi ni finyu.

Mkalimani akija garini, akae nyuma na afanye kazi mkiwa mmesimama tu. Asijaribu kumtafsiria kupitia kioo cha ndani. Kioo kile kina kazi yake.

Kuhusu dharura: mwambie siku ya kwanza kwamba wewe una breki yako na kwamba kuna wakati unaweza kushika usukani. Asishtuke likitokea. Na likitokea usitupe mikono hewani. Atatazama mikono yako badala ya lori lililo mbele. Kanyaga breki, simamisha gari, vuta pumzi, kisha eleza.

Gia bila kusikia injini

Hapa ndipo utapata maswali mengi, na hapa ndipo kazi yako inakuwa tamu. Sisi wengine tunabadili gia kwa sikio. Injini ikilia sana tunapandisha, ikikoroma tunashusha. Yeye ana njia tatu nyingine, zote nzuri.

Ya kwanza ni mshale wa mizunguko ya injini, ule ulioandikwa RPM. Kwa gari dogo la petroli mwambie apandishe gia mshale ukiwa kati ya 2,000 na 2,500. Gari lako la mafunzo halina mshale huo? Tumia spidi. Gia ya kwanza ni ya kuondokea tu, ya pili mpaka kama 30, ya tatu mpaka kama 50, na kuendelea. Magari yanatofautiana, kwa hiyo endesha wewe kwanza, andika namba za gari lako, zibandike kwenye dashibodi. Akizoea, bandua.

Njia ya pili ni mtetemo. Mwache akae, gari likiwa na moto na handbreki imevutwa, aweke kiganja kwenye kijiti cha gia. Aachie klachi polepole. Kuna mahali boneti inainuka kidogo, kiti kinatetemeka, mshale unashuka. Hapo klachi imeshika. Arudie mara nyingi bila kuondoka. Viziwi wengi wanakamata sehemu hii upesi kuliko wenzao, kwa sababu hawaisubiri ije kwa sikio.

Ya tatu ni taa za dashibodi. Gari likizimika, mshale unaanguka sifuri, taa ya betri na ya oili zinawaka. Mfundishe kuzisoma siku ya kwanza, maana asipojua gari limezimika ataendelea kukanyaga mafuta akishangaa. Kuna kosa la upande wa pili pia: injini imeshawaka, yeye anazungusha ufunguo tena, stata inasaga. Wewe unakunja uso, yeye hajui kwa nini. Kanuni iwe moja: tazama mshale kabla ya kugusa ufunguo.

Indiketa nayo. Sisi tunasikia ile tiki-tiki inayotukumbusha kuizima. Yeye atatembea kilomita nzima akiwadanganya watu kwamba anakata kulia. Kila akimaliza kukata kona, jicho liende kwenye mshale wa kijani. Lifanye liwe sehemu ya kona yenyewe: nyoosha usukani, tazama mshale.

Kama lengo lake ni gari la otomatiki tu, mengi ya haya yanapungua, na hakuna aibu. Uliza kwanza leseni atakayopata itamruhusu kuendesha gari gani.

Vioo ndiyo masikio yake

Japani waliwakatalia viziwi kwa muda mrefu. Mtu alitakiwa asikie honi ya desibeli 90 akiwa umbali wa mita 10, hata kama ni kwa msaada wa kifaa cha kusikia. Asiyeweza, leseni hana. Tarehe 1 Juni 2008 sheria ikabadilika: kiziwi kabisa anaweza kuendesha gari dogo, kwa sharti aweke kioo kipana cha ndani na abandike alama ya kipepeo wa manjano kwenye duara la kijani. Baadaye wakaruhusiwa na pikipiki na magari ya mizigo. Kipepeo sisi hatuna. Lakini kioo kipana kinapatikana maduka ya vifaa vya magari, kinapachikwa juu ya kile cha kawaida, na bei yake ni ndogo. Nunua kimoja kwa gari la mafunzo leo.

Kisha mfundishe mzunguko wa macho: mbele, kioo cha ndani, mbele, kushoto, mbele, kulia. Kila baada ya sekunde tano mpaka nane. Mwanzoni utamwonyesha kwa ishara ya kioo kila mara. Ukiona anafanya bila ishara, mpandishe daraja.

Watu watakuuliza: honi je? Mtu aliyeendesha Kariakoo anajua ukweli. Honi nyingi pale ni daladala kuita abiria au mtu kuonyesha hasira, na madereva wanaosikia wenyewe wanazipuuza. Zilizo na maana huja pamoja na kitu kinachoonekana. Gari la nyuma linamulika taa. Waenda kwa miguu wanageuka wote upande mmoja. Magari ya mbele yanaanza kusogea pembeni bila sababu. Mfundishe kusoma dalili hizo: ukiona wote wanapisha na hujui kwa nini, pisha na wewe kwanza, sababu utaiona ikipita. Huenda ni gari la wagonjwa, huenda ni msafara wa kiongozi.

Bodaboda wanahitaji somo lao peke yao. Wanapenya kushoto na kulia wakitegemea honi kukujulisha. Kwa hiyo kabla ya kukata upande wowote: kioo, indiketa, kioo tena, kisha ageuze shingo atazame juu ya bega. Usimpitishe mtihani wako wa ndani mpaka shingo igeuke kila mara.

Reli ni jambo lisilo na mjadala. Asimame, atazame pande zote mbili, kila mara, hata kama kizuizi kimeinuka na mwenye gari la nyuma anawaka hasira. Dereva wa treni anapiga honi. Yeye hataisikia.

Na yeye afundishwe kupiga honi. Kiziwi hajui ameibonyeza kwa muda gani au kwa sauti gani. Bonyeza mara moja, achia. Arudie mpaka wewe utabasamu.

Mbali na vioo, kuna ukaguzi wa gari. Breki zilizoisha hulia chuma kwa chuma, na sisi tunakimbilia gereji. Yeye atategemea macho, mikono na ratiba. Pedi za breki zikaguliwe kila sevisi. Mshale wa joto autazame. Usukani ukivuta upande au ukitetemeka, asimame aangalie tairi.

Akisimamishwa na trafiki

Majimbo mengi ya Marekani yana kadi maalumu ambayo dereva kiziwi anaiweka kwenye kikinga jua cha gari na kumwonyesha polisi. Tengeneza yenu. Karatasi ngumu, maandishi makubwa: "Mimi ni kiziwi. Tafadhali nitazame usoni au niandikie." Chini weka picha za leseni, bima, spidi, taa na tairi, afande aonyeshe kwa kidole.

Halafu fanyeni igizo. Wewe uwe trafiki. Yeye asimame pembeni, awashe hazadi, azime injini, ashushe kioo, aache mikono yote miwili kwenye usukani. Kwanza aonyeshe sikio na kutikisa kichwa, ndipo achukue kadi taratibu. Kiziwi anayechakura kwenye droo huku afande anamwamrisha "tulia!" anaonekana mkaidi, kumbe hajasikia.

Mtihani na baada yake

Nenda ofisi ya leseni mapema, kabla hata hujapokea ada yote. Uliza mtahiniwa kiziwi anahitaji karatasi gani, na omba kwa maandishi ruhusa ya mkalimani. Baki na nakala yenye muhuri. Afisa wa leo anaweza asiwepo siku ya mtihani.

Siku yenyewe omba dakika tano kabla gari halijaondoka. Mwanafunzi amwonyeshe mtahini ishara zake kumi. Mtahini aeleze njia yote mkiwa mmesimama, ikiwezekana achore. Mkalimani atafsiri, kisha anyamaze. Watahini wengi hawana ubishi wakiona mtu amejipanga hivyo.

Wengi wanaokuja kwako hawatafuti leseni ya kutembelea shangazi. Wanatafuta kazi. Waambie zipo. Mwaka 2015 Uber iliongeza kwenye programu yake mambo ya dereva kiziwi: skrini inamulika safari ikiingia, simu ya abiria inageuzwa ujumbe, na abiria anajulishwa mapema. Malori yalichelewa zaidi. Kwa Marekani, dereva wa lori la kuvuka majimbo anatakiwa asikie mnong'ono wa nguvu akiwa futi 5, au afaulu kipimo cha mashine. Mwezi Februari 2013 serikali ikawapa madereva viziwi 40 ruhusa maalumu kwa mkupuo, baada ya NAD kuwaombea. Kwa leseni za biashara za hapa kwetu usimwahidi mtu. Uliza ofisini kwanza, ndipo umpangie masomo.

Ukihitaji mkalimani, usimtafute kwa kubahatisha. Tanzania nenda tawi la CHAVITA lililo karibu nawe, Kenya waone chama cha viziwi cha huko, KNAD. Ada mtoze ileile unayowatoza wengine.